Printa ya waifai katika nyumba ya mawe: jinsi ya kuiunga na kuitibu inapogoma

Usiku mmoja baada ya sala ya isha, jirani yetu hapa Langoni, mtaa wa mji wa Lamu, mama anayesomesha watoto barazani kwake, alinigongea mlango. Asubuhi yake alikuwa na mtihani wa kuwapa watoto arubaini, na printa yake ilikuwa imegoma. "Mwanangu, mashine imekufa," akaniambia. "Jana ilikuwa nzima. Stima zikapotea, ziliporudi haikunijua tena." Fundi aliyempigia simu alishamwambia anunue nyingine.

Nilipofika niliikuta printa inawaka taa zake zote kama kawaida. Nikaiamuru itoe karatasi ya ripoti ya mtandao, ikatoa bila kusita. Mahali pa anwani, yaani namba inayotambulisha kifaa mtandaoni, paliandikwa 192.168.1.9. Laptopu ya mama ilikuwa bado inapeleka kazi kwa 192.168.1.4, anwani ya zamani, ambayo baada ya stima kurudi ilikuwa imechukuliwa na simu ya kijana wake. Printa ilikuwa nzima kabisa. Kazi zake ndizo zilizokuwa zikipiga hodi mlango wa mtu mwingine. Kuitengeneza kulichukua dakika kumi, na karatasi arubaini zikatoka kabla hajazima taa ya sebuleni.

Nimeandika mwongozo huu kwa sababu ya usiku ule. Printa nyingi nilizoitwa kuziangalia hapa mjini hazikuwa na kasoro yoyote. Kazi inayotoka kwenye laptopu hadi karatasini hupita vituo vinne: laptopu au simu, ruta (kile kifaa kinachorusha waifai), njia ya hewani pamoja na kuta zake, kisha printa yenyewe. Ukijua imekwama kituo gani, umemaliza nusu ya kazi. Usipojua, utafuta programu, utaweka upya, utanunua wino usiouhitaji, na tatizo litabaki pale pale.

Kabla ya kutoa pesa

Soma jina la modeli herufi kwa herufi, kwa kuwa printa mbili zinazofanana kwa sura zinaweza kutofautiana kwenye jambo hili moja. Epson L3210 na Epson L3250 ukiziweka sambamba dukani utadhani ni mapacha. L3250 ina waifai. L3210 haina, inatumia kebo ya USB tu. Ndivyo ilivyo pia kwa Canon G2010 isiyo na waifai na G3010 iliyo nayo. Nimewaona watu wakitafuta kitufe cha waifai kwenye L3210 jioni nzima.

Angalia jambo la pili. Baadhi ya printa za HP ambazo jina la modeli huishia na herufi ndogo "e" huja na mpango uitwao HP+. Ukikubali kujiunga nao wakati wa kuiwasha mara ya kwanza, printa itahitaji kuwa na intaneti wakati wote, na itakubali wino halisi wa HP peke yake. Kwa nyumba ambayo bando huisha katikati ya mwezi, usijiunge. Printa ya kawaida haihitaji intaneti hata kidogo ili kuchapa. Inahitaji ruta iwe imewaka tu. Hili watu wengi hawalijui: hata ukiwa hujalipia mtandao, barua iliyo ndani ya laptopu yako itachapwa.

Ukuta ni sehemu ya mtandao

Miongozo mingi ya printa imeandikwa kwa nyumba za mbao na mbao laini za jasi. Sisi tunaishi ndani ya matumbawe na chokaa. Ukuta wa nyumba ya zamani hapa Lamu una unene wa karibu dhiraa nzima, kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, na mpango wa nyumba ni kiwanda (ua wa wazi), na nyuma yake vyumba virefu vyembamba vilivyopangwa kimoja nyuma ya kingine: msana wa kwanza, msana wa pili, kisha chumba kiitwacho ndani. Upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko. Kwa waifai maana yake ni hii: ruta ikiwa karibu na daka, yaani kibaraza cha mlango wa mbele, na printa ikiwa ndani, mawimbi yanalazimika kutoboa kuta tatu au nne nene, moja baada ya nyingine.

Mawimbi huingia kwa urahisi zaidi kupitia penye uwazi. Kwa hiyo weka ruta na printa zionane kupitia milango. Kwenye nyumba nyingi milango ya misana imepangwa ili hewa ipite kutoka kiwandani, na njia hiyo ya hewa ndiyo njia ya waifai pia. Pakua kwenye simu ya Android programu yoyote ya kupima nguvu za waifai. Itakuonyesha namba yenye alama ya kutoa. Kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yalivyo na nguvu. Kutoa 60 ni nzuri sana. Kutoa 70 inavumilika. Ukifika kutoa 80 usiweke printa hapo. Kwa yule mama, nilisimama kwenye kona ya ndani alikotaka kuiweka nikapata kutoa 84. Nikasogea hatua mbili tu, mkabala na mlango, nikapata kutoa 63. Meza ikahamishwa.

Usiiweke ruta ndani ya kidaka, yaani shubaka la ukutani, hata kama inapendeza. Umeizungushia mawe pande tano. Iweke juu, penye wazi, na iwe mbali na friji, tangi la maji na tanuri la mikrowevu. Maji na chuma huzuia mawimbi, na tanuri la mikrowevu hutumia masafa yale yale ya gigahezi 2.4.

Ikiwa hakuna pembe inayofaa, vuta kebo ya mtandao. Kebo ya kawaida hufika hadi mita 100, urefu unaotosha kutoka daka hadi paani na kubaki. Ipitishe kiwandani au kandokando ya boriti. Tafadhali usitoboe ukuta wa zamani. Mji Mkongwe wa Lamu umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2001, na tundu moja la drili kwenye chokaa ya zamani huweza kubomoa kipande kikubwa kuliko ulivyokusudia. Mwishoni mwa kebo hiyo funga ruta ya pili au ekstenda (kifaa cha kueneza waifai), lakini uiweke katika hali ya kituo cha waifai tu, inayoandikwa "Access Point" au "AP mode". Ukiiacha iwe ruta kamili itaunda mtandao wake wa pili, na hapo laptopu iliyo kwenye mtandao mmoja haitaiona printa iliyo kwenye mwingine ingawa zote mbili zinaonyesha waifai imejaa. Nitalirudia hili chini, kwani limewasumbua wengi.

Gigahezi 2.4 na 5

Ruta za siku hizi hurusha bendi mbili. Bendi ya 5 ni ya kasi, ila huchoka haraka inapokutana na ukuta. Bendi ya 2.4 ni ya polepole, lakini hupenya zaidi. Printa nyingi za nyumbani, pamoja na hizo Epson za tangi nilizozitaja, husikia bendi ya 2.4 peke yake. Ukijaribu kuziunga kwenye waifai ya 5 hazitaiona hata jina.

Kama ruta yako inarusha majina mawili tofauti, kwa mfano moja linaishia na "5G", unga printa kwenye lile lisilo na 5G. Simu na laptopu zinaweza kubaki kwenye 5. Ruta ndiyo inayoziunganisha bendi hizi mbili, kwa hiyo zitaonana. Kama ruta inatumia jina moja kwa zote mbili, mambo huwa magumu wakati wa kuunga kwa mara ya kwanza, kwa sababu simu yako iko kwenye 5 na printa inatafuta 2.4. Ingia kwenye mipangilio ya ruta uizime bendi ya 5 kwa muda, uunge printa, kisha uiwashe tena. Printa haitahama.

Ukiwa humo ndani ya mipangilio, tazama aina ya ulinzi. Ikiwa imewekwa WPA3 peke yake, printa za miaka iliyopita zitakataa nenosiri hata ukiliandika sawasawa. Chagua WPA2, au ile inayochanganya WPA2 na WPA3. Kwenye bendi ya 2.4 chagua pia chaneli 1, 6 au 11, kwa kuwa hizo tatu haziingiliani. Mitaa yetu ni myembamba, na ruta ya jirani iko hatua chache kutoka kwako.

Kuiunga

Toa tepu na plastiki zote za usafirishaji, jaza wino, acha printa imalize kuuvuta. Usikatize hatua hiyo hata ikichukua dakika ishirini. Baada ya hapo una njia tatu.

Ya kwanza, na ninayoipenda kuliko zote, ni ya printa yenye skrini. Nenda kwenye mipangilio ya mtandao, chagua waifai, tafuta jina la ruta yako, andika nenosiri. Ninaipenda kwa sababu unaona kila hatua kwa macho yako. Angalia herufi kubwa na ndogo. Kosa la kawaida kuliko yote ni kuchanganya sifuri na herufi O kwenye nenosiri lililobandikwa chini ya ruta.

Ya pili ni kitufe cha WPS, kwa printa isiyo na skrini. Bonyeza kitufe cha WPS kwenye ruta, kisha ndani ya dakika mbili shikilia kitufe cha waifai cha printa mpaka taa yake ianze kumeta. Ikitulia, imeungana. Ruta nyingine zinazotolewa na kampuni za faiba huja zikiwa zimezimiwa WPS. Ukibonyeza na hakuna taa inayobadilika, usipoteze muda, nenda njia ya tatu.

Ya tatu ni kupitia programu ya simu ya mtengenezaji: Epson Smart Panel, Canon PRINT, Brother Mobile Connect, au ile ya kampuni yako. Hapa printa hurusha waifai yake ndogo ya muda, simu inaingia humo, inaipa printa jina na nenosiri la ruta yako, kisha zote mbili zinarudi kwenye ruta. Njia hii hukwama kwa sababu mbili zisizo na uhusiano wowote na printa. Simu ya Android ikiingia kwenye ile waifai ndogo hugundua haina intaneti, hivyo hurukia bando na kuiacha printa ikingoja. Zima data kabla ya kuanza. Pia, Android haitaruhusu programu kutafuta waifai zilizo karibu usipowasha eneo la simu, yaani ile GPS. Washa kwanza, na ukubali programu inapoomba ruhusa.

Printa nyingi za HP hukaa kwenye hali ya kuungwa kwa saa mbili tu tangu kuwashwa. Ukichelewa haionekani tena kwenye programu, na watu hudhani imeharibika. Mwongozo uliokuja nayo utakuonyesha vitufe vya kurudisha mipangilio ya waifai. Fanya hivyo, utapata saa mbili nyingine.

Karatasi ya ripoti

Sasa, kabla hujagusa laptopu, chapa ripoti ya mtandao kutoka kwenye printa yenyewe. Printa zisizo na skrini zina kitufe cha kazi hiyo, mara nyingi chenye picha ya karatasi au herufi "i". Ripoti hii ni kama cheti cha daktari. Mtu akinipigia simu kwamba printa imekataa, neno la kwanza ninalomwambia ni: chapa ripoti, unisomee.

Soma sehemu tatu. Jina la mtandao liwe ndilo la ruta yako, bila tofauti hata ya herufi moja. Nguvu ya mawimbi iwe nzuri. Halafu anwani ya IP, ile namba ya mtandaoni niliyoitaja mwanzo. Ikianza na 192.168, au 10, printa imepokewa na ruta na mambo ni mazuri. Ikiwa 0.0.0.0, haijaungana na chochote. Ikianza na 169.254, printa imeusikia mtandao lakini ruta haikuipa anwani, ikaamua kujipa yenyewe. Zima ruta, hesabu nusu dakika, iwashe, ingoje dakika tatu, kisha uwashe printa. Mpangilio huo wa ruta kwanza printa baadaye una maana, nami nimeuona ukitibu mengi.

Nakili pia anwani ya kifaa, inayoitwa MAC. Ni jozi sita za herufi na namba zilizotenganishwa kwa nukta mbili. Utaihitaji sasa hivi.

Ipe anwani isiyohama

Hapa ndipo penye dawa ya ugonjwa wa jirani yangu, na ni hatua ambayo karibu kila fundi huiruka. Ruta hugawa anwani kwa mkopo. Stima zikipotea na kurudi, vifaa vyote vya nyumba hugombania anwani upya, na printa huenda ikapata tofauti na ya jana. Laptopu haina habari. Mji wetu unavyopoteza stima, hili si jambo la mara moja kwa mwaka.

Tafuta kwanza mlango wa ruta. Kwenye Windows fungua dirisha jeusi la amri kwa kuandika cmd kwenye sehemu ya kutafutia, kisha andika ipconfig. Mstari wa "Default Gateway" ndio anwani ya ruta: mara nyingi 192.168.1.1, 192.168.0.1 au 192.168.100.1. Iandike kwenye kivinjari, ingia kwa jina na nenosiri lililobandikwa kwenye ruta. Tafuta sehemu ya DHCP, ndiyo inayogawa anwani, ndani yake kuna mahali pa kuhifadhi anwani, panapoitwa "Address Reservation" au "Static DHCP". Weka MAC ya printa, mbele yake andika anwani unayoitaka, kwa mfano 192.168.1.50. Hifadhi, zima printa, iwashe, chapa ripoti tena. Ikisoma 50, umeipa nyumba yake na hakuna atakayeichukua.

Unaweza pia kuiandika anwani hiyo kwenye printa yenyewe badala ya ruta. Mimi sipendelei. Siku utakapobadilisha kampuni ya intaneti na kuletewa ruta yenye anwani za aina nyingine, printa itabaki na anwani ya kale na utasahau kwa nini.

Laptopu na simu

Kwenye Windows 11, nenda "Settings", kisha "Bluetooth & devices", kisha "Printers & scanners", ubonyeze "Add device". Printa ikijitokeza, usikimbilie kuichagua. Windows ikiipata yenyewe mara nyingi hutumia njia iitwayo WSD, ambayo ndiyo mama wa ule ujumbe wa "Offline" unaokuja bila sababu. Subiri kidogo hadi utokee mstari wa kuongeza kwa mkono, uubonyeze, uchague kuongeza kwa anwani ya IP, aina ya kifaa uweke "TCP/IP Device", kisha uandike 192.168.1.50. Dereva ya printa, yaani programu inayoiwezesha laptopu kuzungumza nayo, ichukue kwenye tovuti ya mtengenezaji, kwa modeli yako kamili. Printa ikianza kutoa kurasa na kurasa za alama zisizosomeka, mkosaji ni dereva ya modeli nyingine.

Wenye kompyuta za Mac na simu za iPhone wana raha zaidi. Printa yoyote yenye AirPrint, njia ya Apple ya kuchapa bila kebo, hujitokeza yenyewe maadamu mko waifai moja. Android nyingi zina huduma ya kuchapa ndani yake. Ikiwa yako haioni printa, weka programu ya Mopria Print Service. Chagua picha au PDF, bonyeza menyu, "Print", na printa itaonekana.

Inapogoma

Fuata mpangilio huu bila kuruka, kutoka kitu chepesi hadi kizito.

Tazama printa yenyewe. Je, ina karatasi, ina wino, kifuniko kimefungwa, hakuna taa nyekundu? Je, inaweza kutoa nakala ya kitambulisho ukikiweka juu ya kioo? Ikitoa nakala, mashine ni nzima, achana nayo, tafuta kosa kwingine.

Tazama uko mtandao gani. Simu iliyorukia bando haioni printa. Laptopu iliyoingia waifai ya wageni pia haioni, kwa sababu ruta hutenga wageni na vifaa vya nyumbani makusudi. VPN, ile programu ya kupitisha mtandao wako kwa njia ya siri, nayo hufanya vivyo hivyo, izime ukichapa. Na ile ruta ya pili niliyoonya juu yake: andika ipconfig. Laptopu ikiwa na 192.168.0.12 wakati printa ina 192.168.1.50, zimo nyumba mbili tofauti. Badilisha ruta ya pili iwe AP.

Sasa piga hodi. Kwenye dirisha la amri andika ping 192.168.1.50. Majibu yanayoanza na "Reply from 192.168.1.50" yana maana njia iko wazi. Kuwa makini hapa: wakati mwingine huandikwa "Reply from" ikifuatiwa na anwani ya laptopu yako mwenyewe na maneno "Destination host unreachable". Hilo si jibu la printa. Ni laptopu inakuambia imepiga hodi na hakuna aliyeitikia. Rudi kwenye ruta, ukuta na ripoti.

Ikiwa printa inajibu ping lakini Windows inasema "Offline", kosa liko ndani ya laptopu. Fungua foleni ya printa na uhakikishe hapana alama kwenye "Use Printer Offline". Kisha ingia kwenye sifa za printa, ukurasa wa "Ports", "Configure Port", uondoe alama kwenye "SNMP Status Enabled". Windows huuliza hali ya printa kwa njia hiyo, na isipopata jibu la kuiridhisha huitangaza kuwa haipo hata kama ipo. Alama hiyo moja imenirejeshea printa nyingi kuliko kitu kingine chochote kwenye orodha hii, ukiacha anwani.

Foleni ikiziba, kazi moja imekwama na zote zimejipanga nyuma yake, na ukiifuta haifutiki: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika services.msc, tafuta "Print Spooler", isimamishe. Fungua folda C:\Windows\System32\spool\PRINTERS, ufute vilivyomo, vilivyomo tu, folda uiache. Rudi uianzishe tena. Kama printa ilikuwa na kipande cha kazi ndani yake, izime na kuiwasha kabla ya kutuma upya.

Ikichapa ukurasa mmoja kisha ikasimama dakika nzima, ni mawimbi dhaifu. Pima tena pale ilipo. Huenda mtu amefunga mlango uliokuwa ukipitisha waifai.

Nyumba isiyo na faiba

Wengi wetu, hasa vijiji vya Shela na Matondoni, tunatumia kifaa kidogo cha waifai cha laini ya simu, au hotspoti ya simu yenyewe. Inafanya kazi. Kwenye simu ya Android ingia mipangilio ya hotspoti uchague bendi ya 2.4, kwenye iPhone washa "Maximize Compatibility". Hotspoti iwe na jina na nenosiri lile lile kila siku, usilibadilishe, ili printa ijue wapi pa kurudi. Kikwazo ni kwamba anwani za hotspoti haziwezi kuhifadhiwa kwenye simu nyingi, kwa hiyo huenda ukalazimika kusoma ripoti mara kwa mara.

Ikiwa huna hata hicho, tumia Wi-Fi Direct. Printa hurusha waifai yake mwenyewe, jina lake huanza na "DIRECT-". Unga simu moja kwa moja humo, chapa, kisha toka. Kwa mtu anayechapa cheti cha PIN ya kodi ya KRA au fomu ya eCitizen mara mbili kwa mwezi, inatosha: pakua faili kwa bando kwanza, halafu hamia waifai ya printa.

Hewa ya bahari

Msimu wa mvua za masika karatasi hulewa unyevu, hujikunja pembeni, na printa huvuta mbili mbili au hukwama. Toa karatasi kwenye trei usiku, uihifadhi ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa. Funika printa kwa kitambaa kizito upepo wa kusi unapoleta chumvi na vumbi la kiwandani.

Kwa printa za wino, chapa ukurasa mmoja wenye rangi zote kila wiki, hata kama huna kazi, ili vitundu visikauke. Na uizime kwa kitufe chake, kamwe usizime ukutani. Ukizima kwa kitufe, kichwa cha wino hurudi kwenye kifuniko chake na kufungwa. Ukichomoa, kinabaki wazi kwenye joto. Stima zikipotea ghafla, zikirudi iwashe printa, iache itulie, kisha uizime ipasavyo kama huitumii.

Mwisho, chukua kipande cha karatasi uandike kwa kalamu ya wino mzito: jina la waifai, anwani 192.168.1.50, MAC, na modeli. Kibandike ndani ya kifuniko cha skana. Ya mama wa Langoni nimeibandika pale, naye safari ya pili printa ilipomgomea alinisomea namba hizo kwa simu nikiwa kwenye mashua ya Mokowe, akatengeneza mwenyewe kabla sijafika gatini.